Kikombe Kidogo cha Kabagwira

Mwaka jana, kama ungeingia katika duka la maziwa la Kabagwira pale mtaani Kabeza, ungeshangaa. Ungeagiza maziwa mgando, yale tunayoyaita ikivuguto, naye angekujazia bilauri hadi juu. Kabla ya kukusogezea, angemimina kidogo kutoka bilauri hiyo hiyo katika kikombe kidogo cha bati chenye maua mekundu, akanywa mbele yako, akakutazama machoni. Angesubiri kidogo. Ndipo bilauri ingekufikia.

Nyumbani kwetu Rwanda jambo hilo si geni. Mwenyeji akimpa mgeni kinywaji, huonja yeye kwanza, ili mgeni ajue kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Ni heshima ya sebuleni. Lakini dukani, asubuhi, watu wakiwa na haraka na mandazi mkononi, nani anaonja? Kabagwira alionja kila bilauri, mwaka mzima. Ikifika saa nne asubuhi, tumbo lake lilikuwa limejaa kama kiriba. Alikuwa akithibitisha kwamba yeye si umurozi. Umurozi ni mtu anayeua wenzake kwa sumu, na sijui neno zito zaidi ambalo jirani anaweza kumtupia jirani yake.

Hakuna aliyemwita hivyo usoni. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Angalau angeitwa, angejibu.

Kabagwira ana miaka arobaini na miwili. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, akarudi nao akiwa na miaka kumi na miwili, Kiswahili mdomoni na ng'ombe wanne mbele yao. Maziwa ameyajua kabla ya kujua kusoma. Mume wake alifariki mapema na hawakupata mtoto. Duka lake lina meza tano, tangi la chuma, na dirisha linalotazamana na duka la fundi cherehani Usumani.

Usumani ni Mwislamu wa mtaa wa Nyamirambo, babu yake mfanyabiashara aliyetoka pwani. Mkewe ni Gaju, binti wa shangazi yake. Katika ukoo wao watu wameoana wao kwa wao kwa vizazi vitatu, na hawaoni ajabu. Mtoto wao wa kwanza ni Shimwa. Tangu akiwa na miaka mitatu, Shimwa alivuka barabara kila asubuhi, akakaa kwenye kiti kirefu, akanywa maziwa bure. Kabagwira alikuwa akimsuka nywele huku wateja wakisubiri.

Halafu ikaja siku ya Idi ya mwaka juzi. Shimwa alikuwa na miaka sita. Alivuka barabara na gauni jipya la kijani, akanywa maziwa yake, akarudi kwao. Mchana damu ikaanza kumtoka puani na haikukatika hadi jioni. Walipomvua gauni ili kumwosha, Gaju akaliona tumbo la mwanawe kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza: kubwa, gumu, limeelemea upande wa kushoto.

"Amekula nini leo?" shangazi mmoja wa mtoto akauliza.

"Bado hajala," Gaju akasema. "Amekunywa tu maziwa ya yule."

Kabagwira, aliyekuwa Mama Karagwe kwa mtaa mzima, akawa "yule" kuanzia saa hiyo.

Zahanati iliwapa dawa ya minyoo. Shangazi akawapeleka kwa mganga anayetapisha watu waliolishwa sumu. Mganga akamnywesha mtoto majani machungu, mtoto akatapika kitu cheupe. "Mnaona?" mganga akasema. "Hiyo hapo." Bila shaka kilikuwa cheupe! Mtoto alikuwa amekunywa uji wa mchele asubuhi hiyo. Lakini watu wazima sita walisimama kuzunguka beseni na wakaona sumu, kwa sababu walikuja kuiona.

Wateja wakapungua. Walioendelea kuja walinusa bilauri kabla ya kunywa. Ndipo kikombe cha bati kikashuka kutoka rafuni.

Aliyebaki bila kuyumba ni Eustache, kinyozi wa mlango wa pili, mtu mwenye Kiswahili cha kuokota na mdomo usiofungwa.

"Mama, usionje yangu," alimwambia. "Mimi iko na njaa. Wewe unakunywa robo, mimi iko nalipa nzima."

"Nikifa mimi, utajua usinywe."

"Ukikufa wewe, nani atanipa maziwa? Afadhali tukufe wote."

Kabagwira alicheka, akaonja vilevile.

Miezi ikapita hivyo. Shimwa hakuvuka tena barabara. Kabagwira alimwona dirishani akipungua mashavu na kuongezeka tumbo. Alianza kushika mguu wa kulia akitembea. Alilala mchana kwenye mkeka chini ya meza ya baba yake, wakati wenzake wakiruka kamba. Asubuhi moja Kabagwira alifunga tangi, akavuka barabara yeye.

Usumani alikuwa ameinamia cherehani, akikanyaga kwa nguvu.

"Fundi, habari za asubuhi."

"Nzuri, dada."

"Niangalie basi."

"Nina kazi ya watu hapa."

"Kazi gani? Sindano yako haina uzi, fundi."

Usumani akaacha kukanyaga. Kweli, haikuwa na uzi.

"Mkeo anasema nimempa mtoto sumu," Kabagwira akasema. "Wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema chochote."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Anayesema nimeshamsikia. Sikiliza, Usumani. Kama ni mimi, twende polisi sasa hivi, nitatangulia mbele. Kama si mimi, tafuteni ni nini. Mtoto anaisha. Na mimi siwezi kuendelea kunywa maziwa mpaka kiama."

"Zahanati tumekwenda mara tatu. Minyoo, minyoo, minyoo."

"Tumbo lilianza kukua lini?"

"Siku ile. Idi."

"Una hakika?"

Usumani alifungua mdomo aape, kisha macho yake yakaenda rafuni, kwenye daftari la vipimo, lile la jalada jeusi, ambamo mtaa mzima umeandikwa kwa sentimita. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Ramadhani, humpima binti yake kwa ajili ya gauni la Idi. Alilishusha, akalamba kidole, akafunua.

Shimwa, miaka minne: kifua hamsini na nne, tumbo hamsini na sita. Miaka mitano: kifua hamsini na tano, tumbo sitini na moja. Miaka sita, siku nne kabla ya Idi ile: kifua hamsini na sita, tumbo sitini na saba.

Siku nne kabla. Na mwaka mmoja kabla. Alikuwa amelipanua gauni kiunoni mwaka baada ya mwaka, akaongeza pindo, akapiga pasi, akatabasamu. Mikono yake ilijua. Kichwa chake hakikuuliza.

"Ya Rabi," akasema polepole.

Kabagwira alirudi dukani akiamini yamekwisha. Hayakwisha. Usiku ule ule Usumani alimwonyesha mkewe daftari, na Gaju, ambaye si mjinga hata kidogo, akahesabu kwa vidole.

"Alianza kumpa maziwa lini?"

"Akiwa na miaka mitatu."

"Na tumbo limeanza lini?"

Usumani akaweka kidole kwenye mstari wa miaka mitano.

"Basi daftari lako halikumtetea," Gaju akasema. "Limemshtaki. Amekuwa akimpa kidogo kidogo."

Asubuhi Eustache akaleta habari kabla ya kuketi. "Mama, ile kitabu ya fundi imekugeuka."

Kabagwira aliweka kikombe cha bati mezani.

Lakini Usumani alikuwa amekwisha kuondoka, daftari kwapani na mtoto mgongoni, kwenda hospitali ya Kibagabaga. Nampongeza kwa hilo. Mwanamume aliyeogopa kumtazama jirani machoni alipata ujasiri wa kumwekea daktari vipimo vyake mezani na kusema: "Mimi si msomi, ila namba hizi haziko sawa."

Daktari Mugenzi, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, hakucheka. Alisoma ukurasa mzima. Alimlaza Shimwa, akabonyeza tumbo, akachukua kalamu na kuchora mstari juu ya ngozi, kutoka chini ya mbavu za kushoto hadi karibu na kitovu.

"Hii yote ni bandama," akasema. "Kwa kawaida haitakiwi hata kushikika. Baba, wewe na mama wa mtoto mna undugu?"

"Ni binti wa shangazi yangu. Na wazazi wake wenyewe walikuwa ndugu."

"Kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyewahi kuwa na tumbo hivi?"

Usumani alitaka kusema hapana. Halafu akamkumbuka Nasiri, kaka yake Gaju, aliyefariki na miaka tisa wakati Gaju bado anabebwa. Nasiri mwenye tumbo, aliyekuwa akitoka damu puani. Nyumbani walisema alilishwa sumu na mama mmoja muuza ndizi. Yule mama alihama Nyamirambo. Hakuna aliyejua alikwenda wapi, na jina lake hata Usumani hakulikumbuka. Nimejaribu kuuliza wazee, nao hawalikumbuki. Mtu alifukuzwa mjini kwa kosa ambalo halikuwapo, na hatuna hata jina lake ili tumwombe radhi.

Daktari Mugenzi alimpigia simu mwenzake anayeshughulika na magonjwa ya kurithi. Juma lililofuata wakamtoboa Shimwa kidole, wakadondosha matone ya damu juu ya kadi ya karatasi nene yenye duara tano. Wazazi nao wakatoa yao. Kadi zikakauka, zikatiwa bahasha na kupelekwa nje ya nchi, kwenye maabara inayoweza kusoma jeni. Matone matano! Nasiri alikuwa na damu ya kutosha kadi elfu, ikamwagika yote kwenye vitambaa bila mtu kuisoma.

Wakaambiwa wasubiri wiki saba.

Wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko mwaka uliotangulia. Gaju alipita mbele ya duka la maziwa akitazama mbele kama askari. Kabagwira alionja na kuonja. Siku moja Gaju alisimama ghafla mlangoni, hakuingia.

"Kipimo kikionyesha," akasema, "utakimbilia wapi?"

"Kikionyesha nini, Mama Shimwa?"

"Unajua."

"Nitakaa hapa hapa. Na kisipoonyesha, wewe utakimbilia wapi?"

Gaju akageuka, akaondoka. Eustache, wembe mkononi na mteja nusu kichwa, alipiga mluzi. "Yewe! Hiyo iko ngumi."

"Nyoa kichwa cha watu," Kabagwira akamwambia, na akaingia ndani kulia.

Simu ya daktari ilikuja Jumatano. Usumani alivuka barabara mwenyewe. "Wamesema majibu yapo kesho saa tatu. Gaju hataki uje. Mimi nakuambia uje."

"Sitaki kusikia kwa Eustache," Kabagwira akasema. "Nitakuja."

Hospitalini, Daktari Mugenzi alipomwona mtu wa nne mlangoni, akawauliza wazazi: "Huyu ni nani? Majibu ni yenu. Mkitaka abaki nje, atabaki nje."

Usumani alimtazama mkewe. Gaju alimpakata Shimwa, akamkazia mikono.

"Aingie," Gaju akasema hatimaye. "Asikie, na mimi nimwone anavyosikia."

Kabagwira alisimama karibu na ukuta. Kiti kilikuwepo, hakukitaka.

"Tumeujua ugonjwa," daktari akaanza. "Unaitwa Gaucher. Nitaeleza, na mkipotea mnikatize. Fundi, unaposhona, vipande vya kitambaa vinaangukia wapi?"

"Chini, chini ya cherehani."

"Nani anafagia?"

"Mimi, jioni."

"Usipofagia mwaka mzima?"

"Nitashindwa hata kukanyaga."

"Ndivyo ilivyo. Kila chembe ya mwili ina mabaki yake, na ina mfagiaji wake. Mfagiaji mmoja wa Shimwa ni dhaifu, karibu hayupo. Mafuta fulani yanalundikana kwenye bandama, kwenye ini, kwenye mifupa. Ndiyo maana tumbo, ndiyo maana mguu, ndiyo maana damu haigandi."

"Nani amemwondoa huyo mfagiaji?" Gaju akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ameondolewa na nini?"

"Hakuna aliyemwondoa. Shimwa amezaliwa hivi. Maelekezo ya kumtengeneza mfagiaji huyo kila mtu anayo mara mbili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Wewe unayo moja nzima na moja yenye kosa. Mumeo vilevile. Hamuumwi, kwa sababu ile nzima inatosha. Shimwa alipata yenye kosa kutoka kwako na yenye kosa kutoka kwa baba yake. Tumeyasoma yote mawili. Hayana shaka."

"Na sumu?"

"Sumu gani?"

"Ya kwenye maziwa."

Daktari alivua miwani. Alimtazama Gaju, kisha mwanamke aliyesimama ukutani, na nadhani ndipo alipoelewa kwa nini walikuwa wanne.

"Mama," akasema taratibu, "hakuna sumu duniani inayoweza kuandika kosa hili kwenye damu ya mtoto, na kuliandika hilo hilo kwenye yako na ya mumeo. Maziwa mpeni. Mifupa yake inayahitaji."

Gaju alifunika uso kwa mtandio. Usumani akasema "Alhamdulillahi" mara tatu, halafu akashtuka. "Na dawa? Iko dawa?"

"Ipo. Ni kumwekea mfagiaji kwa dripu, kila wiki mbili. Ni ghali mno, lakini ipo njia ya kuiomba bila malipo kwa watoto kama yeye. Nimeshaandika barua. Kwa aina aliyonayo, wengi wanakua, wanasoma, wanazeeka."

Wote wakamgeukia Kabagwira. Walitegemea machozi, labda kelele, labda maneno aliyoyahifadhi mwaka mzima. Naye alikuwa amebana magoti, uso umekunjamana.

"Samahani, daktari," akasema. "Choo kiko wapi? Tangu alfajiri nimeonja bilauri kumi na tisa, na kwa woga sikuthubutu kutoka."

Shimwa ndiye aliyeanza kucheka. Kisha daktari. Kisha Gaju, chini ya mtandio, alicheka na kulia kwa pamoja, sauti moja isiyojulikana ni ipi.

Waliporudi Kabeza ilikuwa saa sita na duka lilikuwa na watu, kwa sababu Eustache alikuwa ameacha kiti chake cha kinyozi na kuuza maziwa, vibaya, huku akimwaga. Gaju hakwenda nyumbani. Aliingia na Shimwa, akaketi meza ya katikati ambako kila mtu angemwona.

"Mama Karagwe," akasema kwa sauti, "tupe maziwa, mimi na mtoto."

Watu wakageuka. Kabagwira alijaza bilauri mbili. Mazoea ni mazoea: mkono wake ukaenda kwenye kikombe cha bati, akamimina kidogo. Kabla hajakifikisha mdomoni, Gaju alinyosha mkono, akakichukua, akanywa yeye. Akakifuta kwa kona ya mtandio na kukitumbukiza mkobani mwake.

"Mama Shimwa, hicho ni kikombe changu."

"Kilikuwa chako."

"Utarudisha lini?"

"Sirudishi."

Akaliangalia povu kwenye bilauri. "Nilikukosea," akasema. "Nilikukosea vibaya, dada. Na mama yangu alimkosea yule wa ndizi."

"Kunywa," Kabagwira akamwambia. "Maziwa yanapoa."

"Ikivuguto inapoa namna gani?" Eustache akauliza kutoka nyuma. "Mama amechanganyikiwa, jamani, mimi iko naenda kunyoa."

Dawa ilikuja miezi mitano baadaye. Sitasema yote yamekuwa mepesi. Kila wiki mbili Shimwa anakaa saa kadhaa na sindano mkononi, na kuna siku anaichukia hospitali nzima. Ndugu wa ukoo wamegawanyika: wengine wamekwenda kutoa damu yao kwenye kadi, wengine wanasema mambo ya damu ni ya Mungu na wanafunga mlango. Ninawaambia na nitaendelea kuwaambia: Mungu ndiye aliyetupa akili ya kusoma kadi. Mtoto mmoja zaidi akizikwa kwa uvumi katika mji huu, wenye hospitali na barabara nzuri hivi, aibu itakuwa yetu sisi tulio hai.

Lakini siku chache kabla ya Idi ya mwaka huu, daftari jeusi lilifunguliwa tena. Shimwa, miaka minane: kifua hamsini na tisa, tumbo sitini na mbili. Usumani alipima mara mbili, akaita mkewe, akapima mara ya tatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyo, gauni lilipunguzwa kiunoni. Pembeni ya cherehani, kikombe cha bati chenye maua mekundu kilikuwa kimejaa vifungo.

Jioni ile Kabagwira naye alivuka barabara. Alitaka gauni la kitenge, la kuvaa Idi pamoja nao. Usumani alimzungushia futi, akaitazama namba, akakohoa, akaiandika haraka.

"Soma kwa sauti, fundi."

"Dada, si lazima."

"Soma."

"Mia moja na sita."

"Mwaka juzi ilikuwa ngapi?"

Usumani alifunua kurasa nyuma. "Themanini na nane."

Kabagwira aligeuka polepole, akamtazama Gaju aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano, akajishika kiuno.

"Sentimita kumi na nane," akasema. "Hizo zote mmenilisha nyinyi. Basi na kitambaa cha kuongeza mtatoa nyinyi."

"Tutatoa," Gaju akasema, na uzi ukamponyoka kwa kicheko.